Betri za lithiamu kwenye vifaa vya dharura vya ndege: maswali ninayoulizwa kila mara

Mimi ni fundi wa umeme wa ndege, na siku hizi muda wangu mwingi nautumia na vijana wanaojifunza kazi hangarini. Hakuna mada inayowafanya wabaki kuuliza baada ya kipindi kuisha kama hii. Abiria nao huuliza, hasa wakishasikia kwamba kuna betri juu ya dari ambayo haizimwi na swichi yoyote ya rubani. Nimekusanya hapa yale yanayojirudia. Mifano mingi naitoa kwenye moto wa ndege uliotokea uwanja wa Heathrow, London, mwaka 2013, kwa sababu ulichunguzwa hadi kwenye waya wa mwisho, na kwa sababu ndege yenyewe ni ya majirani zetu wa Ethiopia.

ELT ni kitu gani, na inakaa wapi ndani ya ndege?

Ni redio ndogo ya kuomba msaada. Ndege ikianguka, swichi ya mshtuko iliyo ndani yake inaiwasha, nayo inaanza kutuma ishara kwa masafa ya megahezi 406 kwenda kwenye setilaiti za mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat. Ishara hiyo hubeba namba ya utambulisho, ndiyo maana ELT inapaswa kuandikishwa kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi: kwa Tanzania ni TCAA, kwa Kenya ni KCAA. Zamani setilaiti zilisikiliza pia masafa ya 121.5, lakini ziliacha tarehe 1 Februari 2009. Sasa 121.5 hutumika kuwaongoza waokoaji wakishafika karibu.

Kwa kawaida hufungwa upande wa nyuma, karibu na mkia, kwa kuwa sehemu hiyo mara nyingi ndiyo hubaki nzima baada ya ajali. Kwenye ndege kubwa huwa juu ya dari ya abiria, katikati ya paneli nyeupe unazoziona na ganda la nje. Huwezi kuiona ukiwa kwenye kiti, na mhudumu wa ndege hawezi kuifikia akiwa amesimama kwenye ujia. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Kwa nini iwekwe lithiamu? Hakuna betri ya kawaida?

Zipo, na ELT za zamani zilizitumia. Lakini fikiria tunachokidai kwenye betri hii. Ikae miaka bila kuguswa, bila kuchajiwa, kwenye joto la uwanja wa Dar es Salaam mchana na kwenye baridi kali ya futi 38,000 saa chache baadaye. Halafu siku moja, bila taarifa, iamke na kusukuma ishara kwa angalau saa 24 mfululizo hata kama imelala kwenye theluji. Na isiwe nzito. Lithiamu hubeba umeme mwingi kwa uzito mdogo, haipotezi chaji haraka ikiwa imekaa, na huvumilia baridi. Aina inayotumika sana ni lithiamu na manganizi dayoksaidi. Haichajiwi. Ikiisha, inatupwa kwa utaratibu wake na kuwekwa nyingine.

Ubaya wake unatoka palepale unapotoka uzuri wake. Ndani ya seli kuna madini ya lithiamu yenyewe, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 180 hivi, na kuna kimiminika kinachowaka. Umeme ule unaotarajiwa kutoka polepole kwa saa 24 unaweza pia kutoka kwa dakika chache.

Nini hasa kilitokea Heathrow?

Tarehe 12 Julai 2013, Boeing 787 ya Ethiopian Airlines yenye usajili ET-AOP, iliyopewa jina la Malkia wa Sheba, ilikuwa imeegeshwa Heathrow, London. Ilifika asubuhi kutoka Addis Ababa na ilikuwa imekaa hapo kwa zaidi ya saa nane. Hakukuwa na mtu ndani. Umeme wa nje ulikuwa umeshakatwa. Mnamo saa kumi na nusu za jioni, mfanyakazi mmoja kwenye mnara wa kuongozea ndege akaona moshi unatoka kwenye ndege, akabonyeza kengele ya hatari.

Zimamoto walifika upesi. Walioingia ndani walikuta moshi unaozidi kuwa mzito kadiri walivyoelekea nyuma. Kwenye uwazi mwembamba kati ya makabati mawili ya mizigo ya juu wakaona dalili za moto juu ya dari. Wakapenyeza mtungi wa mkononi wa haloni, gesi ya kuzimia moto, na kupuliza. Haukusaidia. Ikabidi wasukume paneli za dari kwa nguvu hadi wapate nafasi, na hapo ndipo wakaona mwali mdogo tu, wakauzima kwa maji ya mpira.

Uwanja ulisimamisha ndege kuruka na kutua kwa karibu saa moja na nusu. Hakuna aliyeumia. Lakini mgongo wa ndege karibu na mkia ulikuwa umeungua hadi rangi ya nje ikabadilika, na waliotazama picha zile siku hiyo waliona doa jeusi mbele kidogo ya pezi la mkia, mahali ambapo hakuna injini, hakuna mafuta, hakuna jiko.

Idara ya Uingereza ya uchunguzi wa ajali za ndege, AAIB, ilitoa taarifa ya kwanza ndani ya siku 6 na ripoti kamili Agosti 2015. Moto ulianzia kwenye ELT.

Kama umeme ulikuwa umekatwa, moto ulianzaje?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na kijana akiliuliza najua ananifuatilia. ELT haitegemei umeme wa ndege. Ingekuwa inautegemea isingefaa kitu, maana katika ajali umeme wa ndege ndio wa kwanza kufa. Inabeba wake saa zote, hata ndege ikiwa imefungwa na funguo ziko ofisini.

Ndani ya ELT ile mlikuwa na pakiti ya seli tano. Nyaya za betri zinatoka kwenye pakiti kwenda kwenye saketi, na juu yake kuna mfuniko unaofungwa kwa skrubu. Wachunguzi walikuta nyaya hizo zilikuwa zimebanwa chini ya mfuniko, tena zimepishana, moja juu ya nyingine. Ilivyoelekea zaidi, hali hiyo ilileta shoti kati ya nyaya mbili, betri ikaanza kumwaga umeme bila kupangiwa, seli moja ikachoka kuliko wenzake, ikapata joto, na joto likashindwa kuzuilika.

Naomba uone jinsi kosa lenyewe lilivyo dogo. Hakuna aliyeweka betri bandia, wala muda wake haukuwa umepita. Ni waya kulazwa upande usio wake wakati wa kufunga mfuniko. Mimi mwenyewe, katika karakana moja niliyopitia, niliwahi kufungua kifaa cha aina hii kutoka kwenye ndege ndogo na kukuta waya mwekundu umelala juu ya ukingo wa mfuniko. Plastiki ya waya ilikuwa imebonyea, ina alama bapa kama ukucha uliokandamizwa kwenye mshumaa. Shaba ilikuwa haijaonekana. Ilikuwa imebaki plastiki nyembamba kama ganda la kitunguu. Kifaa kilikuwa kinapita majaribio yote, kinatuma ishara vizuri, na karatasi zake zilikuwa safi.

Hakukuwa na kinga ya shoti?

Ilikuwepo. Kwenye pakiti kuna kijisehemu kinachopanda ukinzani kikipata joto la mkondo mkubwa, hivyo kinaubana umeme. Tofauti na fyuzi, kikipoa kinarudi kama kilivyokuwa. Ripoti ilisema kinga hiyo haikutoa ulinzi uliokusudiwa, na kwamba hakukuwa na ushahidi kuwa tabia yake ya kujirudisha, na kiwango chake cha kukata kinachobadilikabadilika, vilizingatiwa kikamilifu wakati wa usanifu.

Kwa lugha ya karakana: shoti kamili ingeikata. Shoti isiyo kamili, ile ambayo bado ina ukinzani kiasi, inaweza kupita chini ya kiwango chake, au kuikata ikapoa ikarudi, ikakata tena, ikarudi tena, huku betri ikiendelea kumwagika.

Halafu kuna jambo la seli kukaa pamoja. Hakukuwa na kizuizi cha kutenganisha seli moja na nyingine. Ya kwanza ilipowaka ikaichoma jirani yake, na jirani akachoma jirani, hadi zote tano zikaisha. Nyumba za makuti zilizobanana huungua hivyohivyo.

Betri ndogo hivyo inawezaje kuunguza mgongo wa ndege?

Hapa kuna mambo mawili yaliyoshikana. Kwanza, nyaya zile zilizobanwa ziliinua mfuniko kidogo, kwa hiyo ile gasketi ya kuziba haikuziba. Seli zilipopasuka, gesi na miali ikapata mlango wa kutokea. Waya uleule ulioanzisha shoti ndio uliofungua njia ya moto kutoka nje ya kasha.

Pili, ganda la 787 halikutengenezwa kwa alumini. Ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa utomvu wa plastiki. Miali ilipiga moja kwa moja blanketi za kuzuia joto na sauti, kisha ganda lenyewe. Joto likapanda hadi utomvu ule ukaanza kuoza na kutoa gesi zinazowaka. Moto ukawa umepata kuni zake. Ripoti inasema uliendelea kusambaa taratibu hata baada ya nguvu ya betri kwisha kabisa.

Watu wengine walitoka hapo wakasema kaboni haifai. Sikubaliani nao. Alumini nayo huyeyuka na kutoboka. Ninachokiona ni kwamba kifaa kilikuwa kimeidhinishwa kama kifaa, betri kama betri, na ganda kama ganda, na hakuna aliyeviweka pamoja na kuuliza: moja ya seli hizi ikiwaka, miali itaangukia wapi?

Si ndiyo betri zilezile zilizofanya 787 zizuiwe kuruka?

Hapana, ingawa magazeti mengi yalichanganya, na siwalaumu sana kwa sababu ilikuwa mwaka uleule na aina ileile ya ndege. Januari 2013 betri kuu za 787 zilileta matatizo mawili ndani ya siku 9: tarehe 7 kwenye ndege ya Japan Airlines iliyokuwa imeegeshwa Boston, na tarehe 16 kwenye ndege ya ANA, shirika jingine la Japani, iliyolazimika kutua Takamatsu nchini humo. Ndege zote za aina hiyo zikazuiwa duniani kote. Zile ni betri za lithiamu ayoni, kubwa, zinazochajiwa na ndege, na ziko chini ya sakafu kwenye vyumba vya umeme. Dawa iliyotumika ilikuwa kuziweka ndani ya kasha la chuma lenye bomba la kutolea moshi nje ya ndege.

Betri ya ELT haichajiwi, ni ndogo, iko juu ya dari, na haikuhusika na marekebisho yale hata kidogo. Ndege za Ethiopian zilikuwa za kwanza kurudi kubeba abiria baada ya marufuku, na safari ile ya kwanza, tarehe 27 Aprili 2013, ilikuwa ya Addis Ababa kwenda Nairobi. Abiria walioshuka Jomo Kenyatta siku ile walikuwa wamehakikishiwa kwamba suala la betri limekwisha. Suala la betri zile lilikuwa limekwisha kweli. Hii nyingine hakuna aliyekuwa anaitazama.

Moto ule ungetokea angani ingekuwaje?

Ripoti ilisema wazi kwamba ungekuwa hatari kubwa na wahudumu wangepata shida kuudhibiti. Mimi nitaongeza mambo ya kawaida ambayo kila mhudumu anayajua. Mtu akiona moshi unashuka kwenye paneli, hajui unakotoka. Haloni ya mkononi imetengenezwa kwa moto unaoonekana. Kuvunja dari kunahitaji nguvu na nafasi, na walio Heathrow walikuwa zimamoto waliovaa mitungi ya hewa, ndege imesimama. Juu ya Sahara, safari ya usiku, viti vyote vimejaa, wahudumu wana barakoa chache za moshi na chupa chache za haloni.

Ninaposema hivi simtishi mtu. Kampuni ya Honeywell ilikuwa imetengeneza karibu ELT 6,000 za muundo ule, zikiwa kwenye ndege za aina nyingi, na hilo lilikuwa tukio kubwa la kwanza la joto kuripotiwa. Lakini mashirika mengine yalipotumwa kukagua ELT zao baada ya Julai ile, zilipatikana nyingine zenye nyaya zilizobanwa. Ndiyo sababu sipendi kusikia "ilitokea mara moja tu".

Lithiamu si hulipuka ikikutana na maji? Kwa nini waliizima kwa maji?

Tulifundishwa shuleni kwamba kipande cha lithiamu kikitupwa kwenye maji hutoa haidrojeni, na ni kweli. Lakini ndani ya betri lithiamu ni kidogo, na tatizo kubwa zaidi ni joto linalotoka seli moja kwenda nyingine. Haloni huua mwali bila kuondoa joto. Unaona moto umezimika, unageuka, seli ya pili inafyatuka.

Hilo lilionekana mapema. Tarehe 28 Aprili 1999 mzigo wa betri ndogo za lithiamu uliwaka moto kwenye eneo la mizigo la uwanja wa Los Angeles, na kila ulipodhaniwa umezimwa ukawaka upya. Majaribio ya mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, yakaonyesha kwamba haloni ya kwenye mabuti ya ndege haiuzimi moto wa betri zenye madini ya lithiamu, na Desemba 2004 Marekani ikapiga marufuku kuzisafirisha kama mzigo kwenye ndege za abiria.

Maelekezo ya FAA kwa wahudumu ni haya: zima mwali kwa haloni au maji, kisha mwagia kifaa maji, au soda, au juisi, chochote kisicho na kileo, na uendelee kumwagia. Usiweke barafu, na usifunike kwa blanketi, maana vyote viwili hulifungia joto ndani. Nawaambia wahudumu wasimwonee haya abiria mwenye simu ya gharama. Mwaga.

Kama ni hatari hivi, kwa nini ELT zisiondolewe tu?

Kwa 787, hatua ya kwanza ilikuwa kitu kama hicho. AAIB ilipendekeza ELT zile zizimwe hadi ukaguzi ukamilike, na FAA ikataka zitolewe au zikaguliwe. Kwa muda ilikuwa sawa. Kwa kudumu hapana.

Waulize Wakenya kuhusu safari namba 507. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways ilipaa kutoka Douala, Cameroon, ikielekea Nairobi na watu 114. Ilianguka dakika chache baadaye. Waokoaji walipelekwa kwenye misitu ya mbali. Mabaki yakapatikana kesho yake jioni kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita kama 5 tu kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Familia zilikaa karibu siku mbili hazijui lolote. Nikiikumbuka habari ile siwezi kumwambia mtu yeyote kwamba ndege iruke bila kitu cha kuita.

Ni vifaa gani vingine vya dharura vina lithiamu?

ELT za kubebeka zinazowekwa pamoja na boti za kuokolea. Mashine za kushtua moyo kwenye baadhi ya ndege. Baadhi ya tochi. Taa ndogo za kwenye jaketi za kuokolea kwa kawaida si lithiamu, huwashwa na maji yenyewe.

Na kuna kile kitoa mlio kilichofungwa kwenye kisanduku cheusi, kinacholia chini ya maji. Hapa lithiamu inaonyesha upande wake wa pili. Ndege ya Malaysia Airlines, safari MH370, ilipopotea Machi 2014, iligundulika kwamba betri ya kitoa mlio cha kinasa data za safari ilikuwa imepita muda wake tangu Desemba 2012, na haikuwa imebadilishwa. Kipande cha ubawa wa ndege ile kilikuja kuokotwa kisiwani Pemba mwaka 2016, maelfu ya kilomita kutoka mahali watafutaji walipokuwa wanausikiliza mlio. Mlio wenyewe hutengenezwa kudumu siku 30, kwa vya kisasa siku 90, hivyo betri mpya peke yake huenda isingebadili hatima. Bado, tarehe iliyoandikwa kwenye betri ni kazi ya mtu fulani.

Tangu wakati ule kimebadilika nini?

Muundo wa nyaya na taratibu za kufunga mfuniko vilirekebishwa, na ELT zilizokuwepo zilikaguliwa. Viwango vya majaribio ya betri za lithiamu zisizochajiwa, vinavyojulikana kama DO-227, viliandikwa upya mwaka 2017. FAA nayo ilitangaza Aprili 2016 masharti maalumu ya kuzifunga betri hizi kwenye ndege kubwa.

Badiliko ninalolipenda ni la fikra. Zamani swali lilikuwa "tunazuiaje seli isiwake?" Sasa unaanza kwa kukubali kwamba itawaka, kisha unaonyesha kwamba jirani yake haitawaka, kwamba kasha litahimili, na kwamba gesi itaenda mahali salama. Majaribio yanatakiwa kuitazama betri ikiwa ndani ya kifaa chake na kifaa kikiwa mahali pake kwenye ndege.

Mimi ni fundi. Nikibadilisha betri ya ELT niangalie nini?

Fuata kitabu cha mtengenezaji, hilo halina mjadala. Haya ni ya kuongezea.

Usifunge mfuniko ukiwa umesimama kwenye ngazi na tochi mdomoni. Shusha kifaa, kiweke mezani, washa taa. Laza nyaya kwenye njia yake kwa kidole, si kwa bisibisi. Kabla ya skrubu ya kwanza, shusha mfuniko kwa uzito wake tu. Ukikaa sawasawa pande zote, vizuri. Ukiinuka upande mmoja hata kidogo, kuna kitu chini, na skrubu haitakitoa, itakikandamiza. Hapo ndipo makosa hufanyika: mtu anaona pengo, anakaza zaidi.

Kagua gasketi. Waya wenye alama ya kubanwa usiufunge kwa tepu ya umeme ukaendelea na kazi, hata kama ndege inasubiriwa na watalii wamekaa chini ya mti. Pakiti iliyodondoka chini usiirudishe. Iliyotuna, iliyovuja au yenye joto, itoe nje ya hangari na umwite mkubwa wako.

Kuhusu muda: kwa kanuni za Marekani, ambazo wengi wetu tunazifuata kwa ndege ndogo, betri hubadilishwa ikitumika kwa jumla ya zaidi ya saa 1, au ikifikisha nusu ya maisha yake. Kutua kwa kishindo kwenye kiwanja cha vumbi kunaweza kuiwasha bila rubani kujua, ikamaliza saa hiyo peke yake. Baada ya kishindo, sikiliza 121.5.

Betri mpya nitaipataje Mwanza au Kisumu? Naambiwa haipandi ndege.

Haipandi ndege ya abiria kama mzigo. Tangu tarehe 1 Januari 2015 ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, imezuia betri za madini ya lithiamu zinazosafirishwa peke yake kwenye mabuti ya ndege za abiria. Zile za lithiamu ayoni zikafuata tarehe 1 Aprili 2016. Itakuja kwa ndege ya mizigo, meli au gari, ikiwa na vibandiko na karatasi zake. Agiza mapema, na umweleze mwenye ndege kwa nini.

Sheria hizi zimelipiwa. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliondoka Dubai ikiwa na betri nyingi za lithiamu. Moto ukaanza kwenye mizigo, moshi ukajaa chumba cha marubani hadi wasione vyombo vyao. Walijaribu kurudi. Wote wawili wakafa. Anayeficha betri kwenye boksi la nguo ili ifike haraka awafikirie hao.

Na pawabenki yangu?

Ibebe mkononi, kamwe isiwe kwenye begi la kwenda chini. Hadi saa-wati (Wh, kipimo cha umeme uliomo kwenye betri) 100 inaruhusiwa kwa kawaida. Kati ya 100 na 160 omba kibali cha shirika. Zaidi ya hapo iache nyumbani. Wanaopitia Dubai wajue kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates inaruhusu moja tu, ya chini ya saa-wati 100, na huruhusiwi kuitumia wala kuichaji ndani ya ndege. Kama simu imedumbukia kwenye nafasi ya kiti, usiusogeze mgongo wa kiti kuitafuta. Mwite mhudumu. Betri iliyokandamizwa na chuma cha kiti ni ndugu wa waya uliobanwa na mfuniko.

Ile ndege ya Heathrow iliishia wapi?

Wengi hudhani ilikatwa vyuma chakavu. Boeing ilipeleka mafundi wake London, wakaukarabati mgongo ule ulioungua palepale uwanjani. Desemba 2013 Malkia wa Sheba akaruka kurudi Addis Ababa, kisha akaendelea kubeba abiria.